Nusu Iliyorukwa

Kazini walimwita Bi Mjenzi, na wageni waliosikia jina hilo walidhani ni mama wa tofali na saruji. Mwiko hakuwahi kuushika. Kazi yake ilikuwa kukusanya vipande vya programu vilivyoandikwa na wenzake, kuviingiza kwenye kompyuta iliyokaa pembeni ya chumba ikivuma mchana kutwa, na kusubiri kompyuta hiyo iviunganishe viwe kitu kimoja cha kupelekwa kwa wateja. Huko ndiko walikokuita kujenga. Vipande vikikubaliana, hakuna aliyemkumbuka. Vikikataa, jina lake liliitwa kutoka kila meza, hata na wale waliovileta vikiwa vimevunjika.

Programu yenyewe ilitumika kwenye maduka ya dawa. Ndiyo iliyochapisha ile karatasi ndogo inayobandikwa kwenye chupa: jina lako, jina la dawa, na jinsi ya kuimeza. Maneno ya karatasi hiyo yalikaa kwenye mafaili, faili moja kwa kila lugha, na mafaili hayo ndiyo yaliyomzeesha Bi Mjenzi kabla ya wakati wake. Waandishi wa programu walikuwa watu wa ofisini, aliweza kuwagombeza ana kwa ana. Lakini maneno yaliletwa na kila mtu: mfasiri wa mbali, daktari mshauri, mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Kila mmoja aliandika kwa kompyuta yake na kuhifadhi kwa namna yake, kisha akajiendea zake.

Msomaji asiyeijua kazi hii anivumilie kidogo. Ndani ya kompyuta hamna herufi, kuna namba tu, na lazima pawe na makubaliano kwamba namba hii ni herufi ile. Kuna makubaliano ya zamani na kuna ya sasa. Yote mawili yanasema kitu kimoja kuhusu a hadi z na kuhusu tarakimu. Yanapogombana ni kwenye vitu vya pembeni, herufi zenye kofia, zenye nukta kichwani, na vialama vidogo vidogo ambavyo mtu haviwazi mpaka vimharibikie. Faili la zamani likisomwa kwa makubaliano ya sasa, vitu hivyo vinageuka uchafu. Na Bi Mjenzi alikuwa na mafaili ambayo nusu ya juu iliandikwa kisasa na nusu ya chini kizamani, kwa sababu mtu fulani alinakili maneno kutoka kwenye kompyuta yake kuukuu, akayabandika, akaenda kula.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja ambao usingizi unauondoa. Alikuwa amechoka mpaka aliziona salamu za asubuhi kama kazi nyingine. Akirudi nyumbani alivua kiatu kimoja, akakaa kitandani akikitazama cha pili, na mara nyingine asubuhi ilimkuta hivyo hivyo, kimoja mguuni.

Nyumbani alikaa na mama yake. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa mwisho, na mpaka leo, na mvi zake zote, mama alimwita Kitinda. Mama alikuwa mwanamke mkavu, mwenye maneno, aliyesimamia jiko la shule miaka mingi na kuwatia adabu walimu wakuu waliochelewa chakula. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, lakini alikuwa nao kama mtu mwenye jirani mkorofi: anajua yupo, na maisha yanaendelea. Kila asubuhi alifagia ukumbi, akamwagia maji kopo lake la maua dirishani, akameza dawa yake, akaanza kuwasema watu.

Kisha, ghafla tu, mama akaanza kuisha. Alifagia nusu ukumbi akakaa. Akasimama, akashika ukuta. Akalala mchana, yeye ambaye kulala mchana alikuita uvivu wa matajiri. Siku moja Kitinda alimkuta ameketi sakafuni bafuni, taulo mkononi, hajui amekaaje hapo.

"Nilipumzika tu," mama alisema.

"Sakafuni, mama?"

"Ni sakafu yangu. Nipumzike wapi, kwa jirani?"

Alicheka, na Kitinda alicheka naye, lakini usiku huo alimpigia simu kaka yake. Kaka alikuwa mwuza vipuri vya magari, mtu wa sauti kubwa na moyo laini, na kila alichokipenda alitaka kukipakia kwenye gari akipeleke kwake. Alisema lile alilokuwa akilisema tangu zamani: mama ahamie kwake, mke wake anashinda nyumbani, kuna mtu wa kumtazama. "Wewe unatoka hajaamka, unarudi amelala. Siku moja ataanguka na hakuna wa kumwokota. Jumapili naja kumchukua."

Mama hakutaka. Kwa mkwe wake hakukuwa na ubaya wowote, isipokuwa hakukuwa kwake. Alisema hivyo mara moja, kwa upole usio wa kawaida yake, halafu akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimuumiza Kitinda kuliko kama angegomba. Alijua mama akitoka kwenye nyumba ile, akaacha dirisha lake na ufagio wake, hatarudi. Watu wa umri ule wakihamishwa ili wapumzike, wanapumzika kweli. Lakini angembishiaje kaka yake? Alichosema kilikuwa kweli tupu. Yeye alikuwa hayupo.

Na kwa nini hakuwepo? Kwa sababu kazini, tangu kabla mama hajaanza kuisha, walikuwa wamebadilisha chombo cha kujengea, ile programu inayoviunganisha vipande.

Kile cha zamani kilikuwa kipole. Kilisoma kila faili kizamani, kikimeza chochote, na Bi Mjenzi alikuwa na ujanja wake wa kukisaidia. Kipya kilikuwa mwanajeshi. Kilisoma kila faili kwa makubaliano ya sasa, na kikikuta herufi isiyosomeka kilisimama palepale, kikaandika mstari mwekundu, basi. Ukirekebisha, kinasogea hatua mbili, kinasimama tena. Alikaa nacho wiki nzima. Alifungua mafaili ya lugha zote zenye kofia na nukta, akayapanga upya, akawapigia wafasiri simu, "Samahani, hapa uliandika nini?", akalinganisha neno kwa neno. Faili la Kiswahili hakulifungua, na chombo kilikuwa hakijalifikia bado. Hakuna mtu ofisini ambaye angelifungua. Kiswahili hakina kofia wala nukta za kichwani, herufi zake ni zile za kawaida ambazo makubaliano yote mawili yanazijua, na katika miaka yote halikuwahi kumsumbua mtu. Lilikuwa mtoto mtulivu wa nyumba ile, na mtoto mtulivu hatazamwi.

Siku ya kutoa toleo jipya ikafika, na chombo bado kilisimama. Bi Mjenzi alitazama mistari miwili mitatu ya mwisho. Ilikuwa maelezo ya pembeni, yale ambayo wafanyakazi huandikiana ndani ya faili na mteja hayaoni, yenye majina ya watu walioondoka zamani. Meneja alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na bosi wake naye akisimama nyuma ya kiti chake.

"Bado?"

"Imebaki takataka tu. Majina ya watu kwenye maelezo."

"Sasa si uiambie iruke?"

Chombo kilikuwa na mpangilio huo. Ukikiambia, kila herufi isiyosomeka kinaiondoa kimya kimya na kusonga mbele. Bi Mjenzi alijua si jambo zuri. Alijiambia ataurudisha mpangilio kesho, na mkono wake ukabonyeza kabla hajamaliza kujiambia. Programu ikajengeka, watu wakapiga makofi, yeye akaenda nyumbani akalala na kiatu. Kesho ilipofika ilikuja na mambo yake mengine.

Basi ikafika Ijumaa ya kuelekea Jumapili ya kaka. Bi Mjenzi aliomba ruhusa ya mchana, akaenda kumfungia mama vitu vyake. Mama alikaa kwenye kiti dirishani, shali mabegani, akitoa amri kwa sauti ndogo. Lile gauni liingie, lile libaki. Picha ya baba isilazwe kifudifudi. Kopo la maua hakulitaja kabisa.

"Na dawa zako?"

"Kwenye kabati. Chukua zote."

Alizitoa moja moja, akazifuta vumbi, akizipanga kwenye mfuko. Chupa ya dawa ya moyo ilikuwa mpya, ya toka mwanzo wa mwezi. Hakuwa na nia ya kusoma. Miaka yote ile kazini ilikuwa imemharibu macho, hakuweza kupita maandishi bila kuyakagua, hata bango la barabarani, hata karatasi ya sabuni. Jicho lake likapita kwenye lebo, likarudi.

*Meza kidonge  kila asubuhi.*

Kati ya "kidonge" na "kila" nafasi ilikuwa pana kidogo. Mtu mwingine angesema ni karatasi imevutika. Bi Mjenzi alisimama nayo mkononi. Nafasi pana ni nafasi mbili. Nafasi mbili zinakaa pamoja pale ambapo kitu kilichokuwa katikati yake kimetolewa.

Akaingiza mkono nyuma ya kabati akaitoa chupa ya zamani, tupu, ambayo mama alikuwa ameiweka kwa sababu mama hakutupa chupa. *Meza kidonge ½ kila asubuhi.* Ile alama moja, nusu iliyoandikwa kama herufi moja, moja juu na mbili chini. Makubaliano ya zamani yana namba yake, na ya sasa yana yake. Daktari mshauri alikuwa ameyaandika maneno ya dozi kwa kompyuta yake kuukuu, na yamekaa ndani ya faili la Kiswahili miaka yote hiyo, safi kabisa isipokuwa hapo. Chombo kilifika hapo, hakikuielewa, kikafanya kama alivyokiambia. Kikairuka.

Akakaa juu ya begi.

"Mama," alisema. "Hii dawa unaimezaje?"

"Kama karatasi inavyosema."

"Kidonge kizima?"

"Kizima. Kwani vipi?"

Alikuwa ameshapiga simu duka la dawa. Mfamasia, kijana mstaarabu aliyemjua mama kwa vituko vyake, alisema hapana, dozi haijabadilishwa, ni nusu. Yeye alichagua maneno yale kwenye skrini kama anavyochagua siku zote, vidole vinajua vyenyewe mahali yalipo, hakuyasoma tena. Alipoambiwa mama anameza kizima, akasema haraka: "Dada, mlete hospitali sasa hivi. Usingoje. Dawa ile inapunguza mwendo wa moyo. Mimi naanza kuwatafuta wengine waliochukua."

Hospitalini daktari alimshika mama mkono, akahesabu mapigo, akahesabu tena. Akasema umefanya vizuri kumleta, wiki nyingine moja tungezungumza mengine. Akamweka kitandani mpaka jioni chini ya mashine, akaagiza kesho asiimeze kabisa dawa ile, Jumapili aanze tena nusu yake. Mama alimwambia daktari kwamba mashuka ya pale hayapigwi pasi. Kitinda alisikia hivyo akatoka nje kwenye korido, akauegemea ukuta, akalia kwa kelele bila kujali nani anamwona.

Halafu akampigia meneja. Alimweleza lote, bila kupaka rangi: nusu, nafasi mbili, mpangilio, mkono wake.

"Nani mwingine anajua?" meneja aliuliza.

"Mfamasia. Daktari."

"Tunaweza kulirekebisha kimya kimya Jumatatu, kwenye toleo la kawaida. Nakuambia kwa faida yako. Hili jambo lina jina lako."

"Kuna watu wengi kama mama yangu na hawana binti anayekagua karatasi za sabuni," alisema Bi Mjenzi. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. Pengine uchovu nao una mwisho, na mtu akifika huko haogopi tena kumwaga unga. "Mimi naanza kupiga simu madukani sasa, hapa nilipo. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikiwa napiga."

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na kiti kikiburutwa.

"Mimi ndiye niliyesema iruke," meneja alisema mwishowe, taratibu, kama mtu anayejisikia mwenyewe. "Gawa majina ya maduka. Nusu nitapiga mimi."

Walipiga mpaka sauti zikakwaruza. Jumamosi asubuhi Bi Mjenzi alikaa peke yake mbele ya kompyuta inayovuma. Aliufuta mpangilio wa kuruka, akamwacha mwanajeshi asimame popote anapotaka kusimama, akayasafisha yale majina kwenye maelezo ya pembeni. Akalifungua faili la Kiswahili, mtoto mtulivu, akalisoma toka juu mpaka chini kwa mara ya kwanza. Popote palipokuwa na alama ile aliandika neno *nusu*, kwa herufi za kawaida ambazo hakuna kompyuta iliyowahi kuzikosea. Programu ikajengeka. Hakukuwa na wa kupiga makofi. Toleo likaenda madukani, na mfamasia akachapisha lebo ya mama akaileta mwenyewe mpaka mlangoni, kofia mkononi.

Jumapili kaka alifika na gari lake, akiita toka nje. Alimkuta mama kwenye kiti chake dirishani, bado amelegea, lakini macho yamerudi kwake na ulimi pia, kwani alianza kwa kumwambia amenenepa. Begi lilikuwa tayari mlangoni. Kitinda alisimama katikati ya ukumbi.

"Kaa kwanza, kaka. Nina jambo."

Akawaeleza. Kuhusu namba na herufi hakusema mengi. Alisema kwamba maneno ya kwenye chupa yanatoka kazini kwake, kwamba neno moja lilianguka, kwamba ni yeye aliyeruhusu lianguke kwa sababu alitaka kwenda nyumbani. "Mama hakuwa anazeeka. Alikuwa anameza dawa mara mbili ya kiasi chake. Kwa mkono wangu."

Kaka alisimama. Uso ulimvimba. "Yaani wewe! Mimi nimekuwa nikisema hujui kumtunza mama, kumbe unamwua kabisa..."

"Kaa chini," mama alisema.

"Mama, lakini..."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Mwuza vipuri, baba wa watu, akakaa kama alivyokaa jikoni kwa mama akiwa na umri wa kwenda shule. Mama aliivuta shali yake, akamgeukia binti yake.

"Mimi niliona," alisema.

"Uliona nini, mama?"

"Kwamba nusu haipo. Mimi si kipofu. Nilichukua chupa, nikasema, hee, mbona wamebadilisha? Nikataka kukuuliza. Jioni hiyo ulirudi umechoka sana, ukalala na kiatu. Nikakuvua, hukujua. Nikasema kesho. Kesho nayo ulikuwa vilevile." Alinyoosha shali ambayo ilikuwa imenyooka tayari. "Basi nikajisemea, mbona nahangaika? Karatasi hizi anaziandika mwanangu. Hata jirani nilimwambia, nyinyi mnasoma karatasi za watu msiowajua, mimi ya kwangu inatoka kwa Kitinda. Yeye hawezi kunikosea."

Kaka alitazama mikono yake. Kitinda alitamani mama angemtukana, angemtupia ufagio, chochote. Aliona aibu mpaka mwili ukamwuma, na alimpenda mama yake kwa namna isiyokuwa na nafasi ya kupumua.

Kaka akakohoa. "Sasa begi, nilipeleke garini?"

"Garini kufanya nini? Lirudishe chumbani. Na upunguze kelele, unaangusha maua yangu."

Akalibeba, akalirudisha, safari hii bila neno. Kitinda akaenda jikoni, akakikata kidonge kwa kisu katikati kabisa, akaweka nusu kwenye kisahani na glasi ya maji. Akaichukua na ile chupa yenye lebo mpya, na miwani ya mama. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Vaa miwani, mama. Soma kwanza."

Mama aliitazama chupa kwa mbali, akaitazama miwani, akamtazama yeye.

"Wewe umeisoma?"

"Nimeisoma. Lakini nataka usome mwenyewe. Tafadhali. Kila siku, usome."

"Si umeisoma wewe," mama alisema, akaichukua nusu yake kutoka kwenye kisahani, akaimeza.